Damu Isiyo ya Mwezi Wako: Maswali Ninayoulizwa Chumba cha Uchunguzi, Tanga

Mimi ni muuguzi. Chumba changu ni kile cha mwisho wa korido, chenye pazia, wanakopimwa saratani ya mlango wa kizazi. Kuna wagonjwa ambao harufu ya udi hutangulia kuingia kabla yao. Sisi wanawake wa Tanga tunapenda udi, na sina ugomvi nao. Ila nimejifunza kuuogopa ule uliozidi: mama amejifukiza tangu alfajiri, kajifunga kanga mbili ndani ya baibui, anakaa upande kwenye ukingo wa benchi. Akishapanda kitandani ndipo ninapojua udi ulikuwa unafunika nini. Nikimuuliza damu ilianza lini, ananijibu, "Tangu Ramadhani." Ramadhani ipi, mama? "Ya mwaka juzi."

Kwa ajili ya hiyo Ramadhani ya mwaka juzi, naomba tujibizane.

Mlango wa kizazi ni wapi, na saratani yake inaletwa na nini?

Ni sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, pale unapokutana na uke. Karibu saratani zote za hapo huletwa na virusi vya papiloma, ambavyo huambukizwa kwa kujamiiana. Wengi huvipata na mwili ukaviondoa wenyewe. Vikigoma kutoka, huharibu mlango wa kizazi polepole, na kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kufika kwenye saratani. Kwa mwanamke ambaye kinga yake imeshuka kwa sababu ya VVU na hajatibiwa, inaweza kuwa miaka 5 hadi 10. Si mchango, si jini mahaba, wala si jicho la mke mwenza.

Nina miaka 56. Hedhi ilikoma zamani, sasa damu imerudi. Mashoga zangu wanasema nimerudi usichanani.

Mashoga zako wakome. Hedhi ikishakatika mwaka mzima, hairudi. Damu ya baada ya hapo ni dalili ya ugonjwa mpaka kipimo kiseme vingine. Nenda kituo cha afya wiki hii.

Lakini ni matone tu.

Matone yanatosha. Wiki hii.

Na wala hainiumi.

Ndiyo maana ninaihofia. Saratani hii mwanzoni haiumi. Kiuno kikianza kuuma usiku kucha, mguu ukavimba, mkojo ukawa shida, ujue mara nyingi ugonjwa umeshatoka mlangoni na kuingia kwenye nyumba nyingine. Anayengoja maumivu anangoja kuchelewa.

Mimi bado kijana, natoka damu baada ya kukutana na mume wangu. Mama mkwe ameniletea dawa ya kuweka.

Mwambie mama mkwe shikamoo, na dawa umrudishie. Damu baada ya tendo la ndoa inataka macho ya mtaalamu. Mizizi haina macho. Kila wiki natoa vitu humo ndani: shabu, vipande vya ndimu, majani yaliyofungwa kitambaa. Vinachubua, vinaunguza, na kibaya zaidi vinakula miezi. Mganga akikwambia siku saba, kisha siku saba nyingine, kisha kuku mweusi, saratani haikai kumsubiri huyo kuku.

Narudia kwa waliosoma harakaharaka: damu baada ya tendo la ndoa, damu katikati ya mwezi, damu baada ya kukoma hedhi, uchafu wenye harufu usioisha. Usiifukizie. Njoo.

Kipimo chenyewe kinafanywaje?

Unalala chali, tunaingiza kifaa cha kupanulia uke, tunapaka siki maalumu kwenye mlango wa kizazi kwa pamba, tunasubiri dakika moja. Nyama nzima hubaki na rangi yake. Iliyoanza kuharibika hubadilika ikawa nyeupe, nami naiona kwa macho, taa mkononi. Kama ni dalili za awali tu, mara nyingi tunaitibu siku hiyo hiyo kwa kuigandisha au kuichoma kwa joto, bila kulazwa. Kipimo hiki ni kwa wanawake wa miaka 30 hadi 50, hata wasio na dalili yoyote. Anayeishi na VVU asingoje umri huo, kwa sababu hatari yake ni takribani mara 6 ya wengine.

Nikikutwa nayo si ndiyo basi tena?

Ikikutwa mapema inatibika na mtu anapona. Ikikutwa imechelewa, hapo ndipo safari ya Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road, kwa mionzi ya wiki nyingi, kilomita kama 350 kutoka nyumbani, ukitafuta ndugu wa kukulaza. Wale mnaowasikia "amekwenda Ocean Road akafa", wengi walikwenda wakiwa wamechelewa. Hospitali haikuwaua.

Chanjo ya wasichana inafunga kizazi?

Hapana. Inawalinda dhidi ya aina za virusi vya papiloma zinazoleta saratani hii kwa wingi zaidi. Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bure. Mzazi anayemficha binti nyumbani siku ya chanjo, kisha anamwoza akiwa na miaka kumi na minane, hajamlinda na chochote.

Sisi wa mtaani tufanye nini?

Shirika la Afya Duniani limeweka lengo la 2030: asilimia 90 ya wasichana wachanjwe, asilimia 70 ya wanawake wapimwe kwa kipimo cha uhakika, asilimia 90 ya wenye ugonjwa watibiwe. Maneno makubwa, lakini yanaanzia kwenye kibao cha matangazo ya mkutano wa kijiji. Mkutano wa kijiji unatakiwa kila miezi 3: ulizeni pale, baada ya barabara na maji, ni wanawake wangapi wamepimwa. Kikoba kina mfuko wa jamii wa misiba. Ongezeni nauli ya mgonjwa akiwa bado hai. Imamu atangaze siku ya upimaji baada ya swala ya Ijumaa, mchungaji Jumapili. Na enyi waume, ruhusa mnayoombwa ya kwenda kupima isichukue mwezi.

Nije na nini?

Kanga ya kujifunika. Kama uko kwenye siku zako, subiri ziishe. Kama damu si ya mwezi wako, njoo nayo hivyo hivyo. Usijioshe ndani kabla ya kuja, na udi uache nyumbani, maana nahitaji kujua kilichopo.