Irabu si herufi: kuhusu maneno ya Kiingereza "yasiyo na irabu"

Mpwa wangu alinijia jioni moja na daftari lake la Kiingereza, ambamo palikuwa na zoezi lililomtaka aandike maneno matano yenye herufi tano kila moja na yasiyo na irabu hata moja. Mwenyewe alikwisha kupata nymph, crypt, lymph na gypsy, akawa anahangaika na la tano. Nilimpa myrrh, yaani ile manemane ya Mamajusi katika Injili ya Mathayo, akaandika na kwenda zake. Mimi nikabaki na kero ambayo nimeivumilia mara nyingi, kwa walimu, kwa wacheza Scrabble, ule mchezo wa kuunda maneno kwa vipande vya herufi, na tangu mwisho wa mwaka 2021 kwa wacheza Wordle pia, ule wa mtandaoni wa kubahatisha neno la herufi tano, kwa sababu maneno hayo yote matano yana irabu, na gypsy inazo mbili.

Irabu ni sauti inayotamkwa bila mkondo wa hewa utokao mapafuni kuzuiwa kinywani. Konsonanti ni sauti ambayo hewa yake huzuiwa au hubanwa mahali fulani. Herufi ni alama tu ya maandishi. Atamkaye nymph hutoa katikati ya neno sauti inayokaribiana na i yetu, na hiyo ndiyo irabu yake, hata kama mwandishi ameivika vazi la y.

Sisi Waswahili tunaponzwa na unyofu wa maandishi yetu. Kiswahili kina irabu tano, na alfabeti ya Kilatini ikatupatia herufi tano za kuziandikia, kila moja na yake, hata anayesema "irabu ni a, e, i, o, u" hakosei kitu anapozungumzia Kiswahili. Zaidi ya hayo, kwetu y haiwi irabu kamwe: ni kiyeyusho (nusu-irabu), kama katika yai na yeye, au sehemu ya ny, kwa hiyo macho yetu yanapoiona katikati ya neno la Kiingereza hayatarajii kukuta irabu. Kiingereza cha Uingereza, kama kinavyoelezwa kwa kawaida katika vitabu vya fonetiki, kina irabu takribani 20, ukihesabu na zile za mwunganiko (mbili zinazotamkwa kama moja). Herufi tano haziwezi kubeba mzigo huo peke yake.

Linalonishangaza zaidi ni kwamba neno lenyewe "irabu" lingetosha kutuonya. Asili yake ni Kiarabu, i'rab, ambalo katika sarufi ya lugha hiyo ni yale mabadiliko ya mwisho wa neno yanayoonyesha kazi yake katika sentensi, na mabadiliko hayo kwa kawaida huonyeshwa kwa irabu fupi. Katika hati ya Kiarabu irabu fupi hazina herufi kabisa. Ni alama ndogo, fat-ha, kasra na dhamma, zinazowekwa juu au chini ya herufi, na mara nyingi haziandikwi. Kiswahili kilipoandikwa kwa hati hiyo kwa karne kadhaa, alama tatu zililazimika kutumikia irabu tano: kasra ikasimamia i na e, dhamma ikasimamia u na o, na msomaji wa utenzi akatakiwa kujua mwenyewe ni ipi iliyokusudiwa. Basi neno tulilolipokea kutoka kwenye maandishi ambayo irabu fupi si herufi, tumeligeuza kuwa jina la herufi. Kwa haki, wanaopendelea "vokali" hawajasalimika zaidi, maana Kilatini chenyewe kilisema littera vocalis, herufi yenye sauti, na mkanganyiko ukaanzia huko.

Tukirudi kwa y, hiyo ni ipsilon ya Wagiriki, nayo ilikuwa irabu tangu mwanzo: kwanza u, kisha sauti ya i inayotamkwa midomo ikiwa imeviringwa. Warumi waliiazima ili waandike maneno ya Kigiriki, na Wafaransa mpaka leo huiita "i ya Kigiriki". Nymph, crypt na myrrh zote zilipitia Kigiriki, ndiyo maana zinayo. Hata y isipokuwapo, irabu haitoroki. Kuna neno crwth, jina la ala ya nyuzi ya watu wa Wales, ambalo nalo lina herufi tano. Irabu yake ni w, kwa kuwa katika Kiwelisi w huandikwa kama irabu. Upande wa pili ipo queue, foleni, yenye herufi nne za "irabu" kati ya tano, lakini sikio linasikia irabu moja tu mwishoni.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote umo katika kanuni ya Kiingereza ya kutumia an mbele ya irabu na a mbele ya konsonanti, ambayo wanafunzi hukaririshwa kwa herufi na kisha wakashangaa kuona an hour na a university. Kanuni hiyo haijawahi kuangalia herufi, inasikiliza sauti.

Kama mtu anataka silabi isiyo na irabu kweli, asihangaike mbali: aangalie mtu na mbwa, ambamo m inasimama peke yake kama silabi. Kiingereza hufanya vivyo hivyo mwishoni mwa rhythm, neno la silabi mbili, ya kwanza ikiwa na irabu na ya pili mara nyingi ikiwa m tupu. Neno zima lisilo na irabu ni nadra. Labda psst na brr, kama utakubali kuyaita maneno.

Zoezi la mpwa wangu lingekaa sawa kama lingesema "maneno ya herufi tano yasiyo na herufi a, e, i, o wala u", na majibu yake yote matano yangestahili alama ya vema.