Ramani za Msaada: Mambo ya Kuangalia Unapochora

Tetemeko lilipoipiga Haiti Januari 2010, ramani ya Port-au-Prince kwenye OpenStreetMap, ramani ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri, ilikuwa na mapengo makubwa. Watu wa nchi za mbali waliyajaza kwa kuchora juu ya picha za satelaiti, na waokoaji wakaitumia. Siku hizi kazi ina utaratibu: eneo hukatwa vipande kwenye Tasking Manager, tovuti ya kugawana kazi, unachukua kimoja, unachora, unahifadhi, kisha mwingine anahakiki.

Kwanza angalia kama picha imehama, maana huweza kukaa mita kadhaa pembeni. Washa tabaka la nyayo za GPS, yaani njia zilizorekodiwa na vifaa vya watu waliopita hapo. Barabara ya pichani isipolala juu ya nyayo hizo, sogeza picha. Usiguse barabara waliyokwisha kuichora wenyeji.

Jengo huchorwa pale kuta zinapokutana na ardhi. Satelaiti ikipiga kwa ubavu, paa la ghorofa huonekana limeegemea upande mmoja. Basi chora umbo la paa, halafu lisogeze lote hadi kwenye msingi. Katika iD, kihariri cha OpenStreetMap kinachofunguka kwenye kivinjari, kitufe cha Q hunyoosha pembe. Kwa nyumba ya msonge, zungushia nukta chache, kisha bonyeza O. Mahali kama Tandale, Dar es Salaam, ambako mabati yameshikana, tafuta vivuli na tofauti ya kutu ili nyumba kumi zisigeuke jengo moja. Wapangaji wa chanjo na vyandarua hukadiria idadi ya watu kwa majengo hayo.

Kosa linaloumiza zaidi liko kwenye barabara. Mistari miwili huonekana imegusana kumbe haina nukta ya pamoja. Wewe unaona njia panda. Programu ya kutafuta njia inaona barabara mbili zisizokutana, na gari la wagonjwa linazungushwa bure. Vuta karibu kila makutano uhakikishe. Darajani au kwenye handaki tu ndipo barabara hupishana bila kuunganishwa.

Kuna mengi ambayo satelaiti haiyaoni kabisa. Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwatuma wanafunzi na wakazi mitaani na simu zao kurekodi upana na kina cha mitaro, wapi imeziba, na mafuriko yalifika wapi. Kwa hiyo jina la mtaa usilolijua liache wazi, mwenyeji atalijaza.

Hifadhi mara kwa mara, na kipande kikikushinda kiachie mapema, ukiandika ulipoishia, ili mwingine aendelee.