Baridi yabisi haitokani na kinga iliyoshuka

Mwenye baridi yabisi ya rumatoidi hana "kinga iliyoshuka", na unga wa kupandisha kinga hautamponya, nimechoka kulisema. Wapo wanaojiona wajuzi zaidi, wakadai kwamba kinga yake imezidi, nao pia wamekosea. Kinga hiyo imekosa shabaha: mgonjwa huyohuyo hupata maambukizi kwa urahisi kuliko wenzake, huku seli zake mwenyewe zikishambulia vifundo vya vidole vyake.

Kwamba limfosaiti B (seli nyeupe za damu) hutengeneza kingamwili, yaani protini za kinga, na makrofaji, seli za kinga zinazomeza vitu, hutoa TNF na interleukini-6, kemikali za kuchochea uvimbe, ni mambo ya darasani, sitayarefusha. Kinachoniudhi ni hamu ya kumtafuta mkosaji mmoja. Vuta maji ya goti lililovimba, uyatazame kwa hadubini: utaona neutrofili, aina nyingine ya seli nyeupe, zimejaa, limfosaiti ni chache. Sasa kata kipande cha utando wa sinovia (utando wa ndani ya kiungo) wa goti hilohilo, ambao katika kiungo chenye afya huwa na tabaka la juu lenye unene wa seli chache tu, nawe utakuta umenenepa, limfosaiti na makrofaji zimesongamana humo, na neutrofili ni za kutafuta. Aliyeona maji peke yake na aliyeona utando peke yake watabishana hadi usiku, na wote wana ushahidi. Tena wanaoila gegedu, tishu inayofunika ncha za mifupa, ni faibroblasti, seli za kujenga tishu za utando, ambazo hata si seli za kinga. Mfupa nao huliwa na osteoklasti, seli za kuvunja mfupa, za ukoo wa monosaiti, ambazo ni seli nyeupe za damu.

Dawa nazo hazikutusaidia kupata jibu jepesi. Katika miaka ya 1990 zilijaribiwa dawa za kuangamiza limfosaiti T za CD4, seli T zinazoongoza seli nyingine za kinga, zikashindwa. Ilhali dawa ya abatasepti, inayozuia tu seli T zisiamshwe, hufanya kazi. Dawa ya rituksimabu huondoa seli B lakini huziacha seli za plazma, zinazotokana na seli B na ambazo ndizo watengenezaji wakuu wa kingamwili, na bado mgonjwa hupata nafuu. Maelezo ninayopewa kuhusu jambo hilo hayajaniridhisha. Wengine hukaa na kingamwili za ugonjwa huu kwa miaka kabla ya kiungo chochote kuvimba, na wengine huugua bila kuwa nazo kabisa. Kwa hiyo methotreksati, dawa ya kuanzia, isipotosha, dawa ninayoongeza huwa, kwa kiasi kikubwa, ya kujaribu.