Homa ya ini B na ugonjwa wa utumbo kwa mtu mmoja: maswali na majibu

Mtu mwenye homa ya ini B sugu akipata na vidonda vya utumbo mpana visivyopona, hujikuta na kliniki mbili zenye dawa zinazovutana. Dawa nyingi za utumbo hushusha kinga ya mwili, na kinga hiyo ndiyo inayovidhibiti virusi kwenye ini. Yafuatayo ni maswali ambayo wagonjwa hao na ndugu zao huuliza.

Je, ini ndilo lililoleta ugonjwa wa utumbo?

Hapana. Homa ya ini B huletwa na virusi, na Afrika Mashariki wengi walivipata wangali watoto, kwa mama wakati wa kuzaliwa au kwa watoto wenzao. Ugonjwa sugu wa utumbo, uwe kolaitisi ya vidonda au ugonjwa wa Crohn, hutokea kinga ya mwili inapoushambulia utumbo wenyewe. Ni magonjwa mawili yaliyokutana.

Upo ugonjwa mwingine wa ini ambao kweli huandamana na wa utumbo: mirija ya nyongo huvimba, ikaota makovu na kuziba. Wengi walio nao wana kolaitisi pia, na hatari yao ya saratani ya utumbo mpana ni kubwa. Hao wapimwe utumbo kwa kamera kila mwaka, hata kama tumbo limetulia kabisa.

Na anayeishi kandokando ya Ziwa Victoria asikubali kuitwa mgonjwa wa kolaitisi kabla hajapimwa kichocho cha tumbo. Nacho hutoa damu kwenye choo na huacha makovu kwenye ini, lakini dawa yake ni prazikwanteli. Amiba nayo itafutwe mapema. Kumpa mtu mwenye amiba prednisoloni, dawa ya kushusha kinga, kwa kudhani ni kolaitisi kunaweza kumuua.

Nimekuja kwa ajili ya tumbo. Kwa nini napimwa homa ya ini kabla ya kupewa dawa?

Kwa sababu virusi vya B haviondoki kabisa. Hata damu ikionekana shwari, mbegu yake imebaki ndani ya chembe za ini, na kinachoituliza ni kinga yako. Ukinywa prednisoloni miligramu 20 au zaidi kwa siku kwa wiki 4 na kuendelea, au ukichomwa infliksimabu au adalimumabu, kinga inalegea na virusi vinaanza kuzaliana upya.

Ubaya ni kwamba mwanzoni husikii kitu. Damu chooni imekatika, hamu ya kula imerudi, uzito unapanda. Kisha dozi inaposhushwa kinga inaamka, inakuta ini limejaa virusi, na inalishambulia. Wengine hupona polepole, wengine ini hushindwa kabisa kufanya kazi na wakafariki. Hili linaniuma kwa sababu linazuilika kwa kidonge kimoja kwa siku: tenofoviri au entekaviri.

Kidonge hicho kianze kabla ya dawa ya kushusha kinga, au siku moja nayo ikiwa hali ni ya haraka. Kiendelee muda wote wa matibabu na angalau miezi 6 hadi 12 baada ya dawa ya utumbo kusimama. Wenye ini lililosinyaa kwa makovu huendelea nacho maisha yote. Kukiacha ghafla kwa kuwa "najisikia vizuri" kunaweza kuviamsha virusi vilevile tulivyokuwa tunavizuia.

Lakini tenofoviri si ARV?

Imo ndani ya ARV, ndiyo. Dawa hii inafanya kazi kwa virusi vyote viwili, ndiyo maana lazima upimwe VVU kwanza: mwenye VVU akipewa tenofoviri peke yake, virusi vya UKIMWI hujifunza kuishinda. Wapo wanaoficha kopo la dawa ndugu wasilione, wakaishia kuruka dozi. Mwambie hata mtu mmoja tu unayemwamini nyumbani.

Nilipotaka kutoa damu niliambiwa sina homa ya ini. Kwa nini nipimwe tena?

Kipimo cha haraka hutafuta HBsAg, yaani ganda la virusi vilivyopo sasa. Mtu anaweza kuwa hana ganda hilo, ila aliwahi kuambukizwa zamani na mbegu bado ipo kwenye ini. Kipimo cha pili, cha kingamwili za kiini cha kirusi, ndicho kinachoonyesha historia hiyo. Kikiwa chanya, si lazima uanze dawa, lakini ini lako litafuatiliwa kwa karibu. Uliza kama kimefanyika. Mara nyingi kinasahaulika.

Dawa zipi za utumbo ni nzito kwa ini?

Mesalazini na salfasalazini kwa kawaida hazina shida kubwa. Azathayoprini huweza kupandisha vimeng'enya vya ini, dalili kwamba ini linaumia, kwa hiyo damu hupimwa mara kwa mara wiki za mwanzo, kisha kila miezi 3 hivi. Methotreksati mwenye ugonjwa sugu wa ini ni bora aepushwe nayo. Kabla ya infliksimabu utapimwa kifua kikuu kilichojificha. Ukipewa isoniazidi kukizuia, mkumbushe daktari kuhusu ini lako, maana nayo huweza kuliumiza.

Mkojo wangu umekuwa rangi ya chungwa. Ni manjano ya ini?

Kama unatumia salfasalazini, huenda ni dawa tu. Hupaka mkojo rangi hiyo. Simama kwenye mwanga wa jua, vuta kope la chini, mtu akutazame weupe wa jicho. Ukiwa mweupe, tulia, lakini litaje kliniki. Ukiwa wa njano, au mkojo ni mweusi kama chai ya rangi na choo kimepauka, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nikiumwa kichwa au viungo ninywe nini?

Si diklofenaki wala ibuprofeni. Huuzwa kila duka la dawa, lakini huchochea vidonda vya utumbo, na kwa aliyesinyaa ini huharibu figo na kuleta damu tumboni. Parasetamoli ni salama zaidi, isizidi gramu 2 kwa siku, yaani vidonge 4 vya miligramu 500.

Vipi chakula na dawa za "kusafisha ini"?

Ini halisafishwi. Mchanganyiko wa mizizi usiojulikana kipimo chake ni mzigo mwingine kwa ini lililochoka, na kama umeshautumia mwambie daktari waziwazi. Pombe iache kabisa.

Jambo lisilosemwa vya kutosha ni ukungu wa mahindi na karanga. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, ikikutana na virusi vya B, huongeza sana hatari ya saratani ya ini. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya iliua watu 125, na 2016 ikaua tena Dodoma na Manyara. Chambua karanga moja moja. Iliyosinyaa, yenye rangi ngeni au chungu, itupe. Kukaanga hakuiondoi sumu hiyo yote.

Familia yangu iko salama?

Kula sahani moja hakuambukizi. Nyembe, miswaki na kifaa chochote chenye damu visichangiwe. Mwenzi na watoto wapimwe, wasio na virusi wachanjwe. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2002, kwa hiyo wengi waliozaliwa kabla ya hapo hawana chanjo. Mama mjamzito aendelee na tenofoviri, na mtoto apate chanjo ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa.

Lini nisisubiri tarehe ya kliniki?

Ukitapika damu au kutoa choo cheusi kama lami. Tumbo likijaa maji, au likiwa gumu na lenye maumivu makali pamoja na homa. Ukianza kuchanganyikiwa, kulala mchana na kukesha usiku. Ukienda, beba vidonge vyote pamoja na kadi za kliniki zote mbili, na kama unatumia prednisoloni iseme mapokezini, kwa sababu haikatishwi ghafla hata ukilazwa.