Mirungi, kahawa na sigara havikusahaulishi ajali

Tangu mabasi ya abiria yaruhusiwe tena kusafiri usiku hapa Tanzania mwaka 2023, kliniki yetu ya afya ya akili imekuwa ikipokea madereva, matingo na abiria walionusurika ajalini. Sisemi kwamba ruhusa hiyo ndiyo chanzo; hilo lina wenyewe wa kulisemea. Ninalozungumzia ni tunachokikuta kwenye maelezo yao. Hawalali, wanashtuka ovyo, moyo unaenda mbio, harufu ya breki zilizoungua inawarudishia tukio zima. Tukiwauliza wanatumia nini, jibu la kwanza ni "situmii kitu". Baada ya mazungumzo ya nusu saa ndipo zinatajwa enaji (vinywaji vya kuongeza nguvu) mbili za jioni, kahawa, pakiti ya sigara, na kwa wengine gomba, yaani mirungi, la kukesha nalo barabarani. Na wengi wanaamini vitu hivyo ndivyo vinavyowasaidia kusahau.

Havisaidii. Naomba lieleweke vizuri, kwa sababu kila wiki tunalirudia kwa watu walewale.

Hofu kubwa inapotokea, mwili unamwaga adrenalini, na sehemu ya ubongo iitwayo amigdala inaisukuma kumbukumbu ya tukio ishike kuliko kumbukumbu za kawaida. Mwaka 1994 Larry Cahill na James McGaugh wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, walichapisha jaribio lililoonyesha jambo hili kwa binadamu. Watu walionyeshwa picha na kusimuliwa kisa cha mtoto aliyegongwa na gari. Wengine walisimuliwa kisa kilekile bila ajali ndani yake. Baadhi walikuwa wamepewa propranolol, dawa inayozuia kazi ya adrenalini. Wasiopewa dawa walikumbuka zaidi sehemu ya ajali. Waliopewa hawakuwa na ziada hiyo, ingawa kisa cha kawaida walikikumbuka kama wenzao.

Sasa fikiria kemikali inayofanya kinyume cha propranolol, yaani inayoongeza msukumo badala ya kuuzuia. Vichangamshi vingi, kundi la mirungi, nikotini ya sigara na kafeini ya kahawa, vinaelekea huko. Katika majaribio ya panya yaliyofanywa Chuo Kikuu cha California, San Diego, dozi ndogo za amfetamini na kokeini zilizotolewa kabla ya mnyama kutishwa ziliimarisha kumbukumbu ya hofu, ilhali dozi kubwa ziliivuruga. Panya si dereva wa lori, na hatuwezi kuhamisha matokeo hayo moja kwa moja. Lakini anayeniambia "mimi nachukua kidogo tu, hakina shida" ajue kwamba kwenye majaribio hayo kile kidogo ndicho kilichoikaza hofu.

Mirungi ina kathinoni, ambayo kwa umbo na kwa kazi ni ndugu wa amfetamini. Ndiyo sababu jani linatakiwa likiwa bichi na limefungwa kwenye majani ya mgomba: kathinoni inapungua nguvu ndani ya siku mbili hivi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walipowahoji wapiganaji wa Somalia, waliwakuta wenye dalili za kiwewe, yaani hofu inayobaki muda mrefu baada ya tukio baya, wakitumia mirungi zaidi ya wenzao, na wakisema inawasaidia kusahau vita. Maelezo hayo hayatofautiani na tunayoyasikia hapa. Tatizo ni kwamba walewale wanaosema inasahaulisha ndio waliokutwa na dalili. Stimu ikiisha, kinachobaki ni usiku bila usingizi.

Nikotini ina ubaya wake wa pekee. Ubongo hutunza hofu kwa namna mbili: kuna hofu ya ishara, kama honi au ile harufu ya breki, na kuna hofu ya mahali, kama kona fulani ya Mlima Kitonga. Thomas Gould na wenzake huko Marekani wameonyesha kwa miaka mingi kwamba nikotini inaimarisha kwa panya kumbukumbu ya hofu ya mahali. Kibaya zaidi, inazuia hofu hiyo kufifia hata mnyama anaporudishwa mahali palepale mara nyingi bila kudhurika. Kwa hiyo dereva anayewasha sigara kila anapokaribia kona aliyopinduka, akidhani anajituliza, huenda anaunyima ubongo wake nafasi ya kujifunza kwamba leo kona hiyo ni salama.

Kafeini ndiyo inayoleta ubishi, kwa sababu kila mtu anakunywa chai. Hatumkatazi mtu chai. Kafeini inaziba mahali ambapo adenosini, kemikali inayoleta uchovu, hujishikiza kwenye ubongo. Uchovu unabaki palepale ila huusikii. Kwa mtu mzima mwenye afya, miligramu 400 kwa siku huchukuliwa kuwa kiwango kisicho na madhara, na kwa mjamzito 200. Kikombe cha kahawa kina takriban 80 hadi 100, na kopo dogo la enaji la mililita 250 lina karibu 80. Lakini kwa mtu mwenye maradhi ya hofu ya ghafla, kiasi cha vikombe vitano hivi kwa mkupuo kimethibitika kuweza kumwamshia shambulio: moyo kwenda mbio, jasho, pumzi kubana. Hapo mtu anadhani ajali inamrudia, kumbe ni kahawa. Tumeshapokea usiku watu waliokimbizwa kwa "ugonjwa wa moyo" ambao vipimo vya moyo vilikuwa safi kabisa.

Usingizi, hata hivyo, ndilo jambo ambalo wananchi hawataki kulisikia. Hofu haifutwi. Inapungua pale ubongo unapotengeneza kumbukumbu mpya ya usalama inayoizidi nguvu ile ya zamani, na kumbukumbu hiyo mpya inakazwa mtu akiwa amelala, hasa katika usingizi wa ndoto. Kafeini inachukua takriban saa tano kupungua nusu. Kahawa ya saa 12 jioni, nusu yake bado iko mwilini saa 5 usiku. Katika jaribio la mwaka 2013, miligramu 400 za kafeini zilizotumiwa saa sita kabla ya kulala zilipunguza usingizi kwa zaidi ya saa moja. Ongeza mirungi juu yake, kisha mtu anatuuliza kwa nini miezi minne imepita na jinamizi liko palepale!

Kwa upande wa sheria, nieleze kwa utaratibu, maana kuna upotoshaji mwingi. Nchini Tanzania mirungi ni dawa ya kulevya chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, Sura ya 95. Kuilima, kuimiliki, kuiuza, kuisafirisha na kuitumia vyote ni makosa. Usafirishaji una adhabu ya kifungo cha miaka 30, na shehena ikivuka uzito uliotajwa na sheria, kifungo ni cha maisha. Gari lililotumika linaweza kutaifishwa. Mwenye gari anayeruhusu kwa kujua, naye ana kosa. Hoja ya "Kenya inaruhusiwa" haikusaidii: huko ni zao lenye kanuni zake za mwaka 2023, lakini ukishavuka Namanga au Holili uko chini ya sheria ya hapa. Kuendesha gari ukiwa umelewa dawa yoyote ni kosa jingine, chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, na mashtaka hayo mawili yanaweza kwenda pamoja. Haya hayakuhusu unapokuwa ndani ya chumba cha daktari. Tunauliza ili tutibu, na maelezo ya mgonjwa ni siri.

Ukinusurika ajalini, wiki za mwanzo kushtuka na kuota ni kawaida, na wengi hupona bila dawa. Dalili zikizidi mwezi mmoja, anzia kituo cha afya cha karibu upewe rufaa. Kliniki utajaza dodoso la maswali 20, kila swali alama 0 hadi 4. Jumla ikifika 31 hadi 33 au zaidi, tunaendelea na uchunguzi. Alama peke yake si ugonjwa. Tunaomba pia uandike kwa siku saba kila ulichotumia na saa uliyotumia, namna hii: "Jumanne, saa 10 jioni, enaji kopo 1. Saa 2 usiku, kahawa vikombe 2. Saa 6 usiku, sigara 3. Nimelala saa 11 alfajiri." Usiandike "kidogo". Usiandike "kawaida". Andika idadi.

Usiache kafeini yote kwa siku moja. Kichwa kitaanza kuuma ndani ya saa 12 hadi 24, na hali hiyo inaweza kukaa hadi siku tisa. Wengi hurudia kwa sababu hiyo tu. Punguza kikombe kimoja kila baada ya siku mbili tatu, ukianza na cha jioni. Usibadilishe kwa valiamu, dawa ya kutuliza, ya duka la dawa. Na wale waliosoma kwamba methilfenideti, kichangamshi cha hospitalini, ilisaidia panya kuondokana na hofu, ni kweli jaribio hilo lipo, lakini dawa hiyo hutolewa kwa cheti cha daktari, na utafiti wa mwaka 2015 kwa wanajeshi wa Marekani uliwakuta walioandikiwa dawa za kundi hilo wakiwa na kiwewe zaidi ya wenzao. Kipi kilitangulia bado ni mjadala. Si jambo la kujaribia nyumbani.

Wamiliki wa mabasi na malori nao: safari inayozidi saa nane inatakiwa iwe na madereva wawili. Dereva aliyetoka ajalini mwezi uliopita, kabla ya kumrudisha kwenye zamu ya usiku, mlete kliniki na hilo daftari lake la siku saba.