Lori la jeshi na kadi ya gari: namba za JW zinakuwaje T?

Msimu wa korosho ukifunguliwa, lori linalovuta tairi zote ni mali kubwa Mtwara na Lindi. Mvua zikikuta mzigo bado umelala vijijini Tandahimba au Liwale, gari la kawaida linakwama na tajiri anahesabu hasara. Hapo ndipo huzuka lile wazo la kila mwaka: "Mjomba, kuna lori la jeshi linapigwa mnada. Chuma kweli kweli, bei chee!" Mjomba atauliza injini ikoje, tairi zikoje, spea zinapatikana wapi. Ni maswali mazuri. Ila lenye uzito kuliko yote huwa halijaulizwa: kadi itatoka kwa jina la nani, na kwa karatasi zipi?

Kadi ya gari ni ile hati inayotolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, kuonyesha kwamba chombo kimesajiliwa. Ndani yake mna namba ya usajili, namba ya chasisi, namba ya injini, aina ya gari, rangi, mwaka wa kutengenezwa, uzito, na jina la mwenye gari. Kwetu kadi hiyo moja inabeba mambo mawili ambayo nchi nyingine wameyatenganisha: ruhusa ya gari kutambulika barabarani, na ushahidi wa nani mwenye mali. Ndiyo maana mtu akikopa benki kununua lori, benki huitaka kadi ile ile. Na ndiyo maana mtaani tunasema gari "halina kadi" tukimaanisha kwamba usilinunue hata kwa nusu bei.

Wenzetu wanavyofanya ni tofauti, na vijana wanaotazama video za minada ya Marekani wanachanganyikiwa hapa. Kule hati ya umiliki ni karatasi moja, na usajili pamoja na namba ni jambo jingine. Serikali kuu ikiuza gari lake, humpa mnunuzi fomu inayoitwa SF 97, naye huipeleka kwenye jimbo lake kuomba hati ya umiliki. Humvee, zile gari pana za jeshi zinazotengenezwa na AM General, zilianza kuuzwa kwa raia mnadani Desemba 2014, na mpaka leo jimbo moja linaweza kuzikubali barabarani na jingine likazikataa, kwa sababu hazikuundwa kufuata viwango vya usalama vya magari ya raia. Uingereza nako kuna kituko chake: kitabu cha gari cha V5C kinamtaja mtu anayelitunza gari, na chenyewe kimeandikwa kwamba si ushahidi wa umiliki. Ukiagiza Land Rover ya zamani ya jeshi la Uingereza, kitabu hicho peke yake hakikutoshi. Dai na ankara ya mauzo.

Sasa turudi nyumbani. Gari la Jeshi la Wananchi hubeba namba zenye herufi JW, kama ambavyo la polisi lina PT, la magereza lina MT, na ya wizara yanaanza na ST. Namba hizo ni za taasisi. Haziuzwi pamoja na bati na injini, na mnunuzi hana ruhusa ya kuondoka nazo hata kwa safari ya kutoka uwanja wa mnada hadi gereji. Kinachotakiwa ni gari kutoka kwenye daftari la serikali na kuingia kwenye daftari la raia, lipate namba ya T. Shughuli yote iko katikati ya madaftari hayo mawili.

Lango la kutokea linaitwa "mali chakavu". Neno hili linapotosha kidogo. Lori linaweza kuwaka kwa ufunguo mmoja na bado likawa mali chakavu, kwa kuwa serikalini maana yake ni kwamba limekaguliwa, likaonekana halifai kuendelea kutunzwa na ofisi husika, na kibali cha kuliondoa kikatolewa. Mali za serikali kuu zikiuzwa kwa mnada wa hadhara, tangazo hutoka kwa jina la Wizara ya Fedha, na masharti yake hayabadiliki sana: gari linauzwa kama lilivyo na mahali lilipo, mnunuzi analipa papo hapo amana ya asilimia 25, kisha salio ndani ya siku 14. Ukishindwa, amana imekwenda. "Kama lilivyo" isome mara mbili. Giaboksi ikiwa ndani ya pipa kando ya gari, umenunua giaboksi ya ndani ya pipa.

Kwa hiyo mtu akikunong'oneza kwamba kuna "jamaa wa kambini" anaweza kukutolea lori bila mnada, mwache aende. Gari lisilopitia lango hilo halina karatasi ya kuzaliwa uraiani, na hakuna dirisha la TRA litakalokusaidia. Tena utakuwa na mali ya jeshi isiyo na maelezo, na hiyo ni kesi ya uzito mwingine.

Ukishinda mnada, karatasi unazoondoka nazo ndizo thamani ya gari: hati ya mauzo yenye jina lako kamili, risiti ya serikali ya malipo, na barua ya kuachia gari inayotaja namba ya zamani, chasisi na injini. Jina liwe lile lile lililo kwenye kitambulisho chako cha Taifa na kwenye TIN, yaani namba yako ya mlipakodi. Nimeona watu wakinunua kwa jina la duka, "Makonde Spare", halafu wanataka kadi kwa jina la mtu. Hapo unaanza kuandikiana barua na Dodoma wakati korosho zinaoza.

Chasisi nayo inataka macho yako mwenyewe. Malori ya jeshi yamefanya kazi miaka mingi, na mafundi wa kambini hubadilisha injini kama wewe unavyobadilisha betri ya simu. Inawezekana barua inasema injini hii, na chini ya boneti imekaa nyingine iliyotoka lori la pili. Namba ya chasisi nayo hufunikwa na tabaka tatu za rangi ya kijani, au imeliwa na kutu. Nenda na brashi ya waya na tochi siku ya kukagua kabla ya mnada, ikwangue uisome tarakimu kwa tarakimu, uilinganishe na orodha. Kosa likigunduliwa kabla nyundo haijagongwa, hurekebishwa na aliyeandika orodha. Likigunduliwa baadaye na polisi anayehakiki namba, mtuhumiwa wa kwanza ni wewe uliyeshika ufunguo.

Halafu kodi. Vifaa vya majeshi ya nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huingia bila ushuru kwa mujibu wa Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Msamaha ule aliupewa mwenye sare, lori lenyewe halikusamehewa milele. Likihamia kwa mfanyabiashara wa Masasi, ushuru uliolala unaamka. Kabla ya kunyoosha mkono mnadani, uliza kama bei ya nyundo imeshaumeza ushuru huo au itakubidi uende kuulipa forodha. Tofauti yake inaweza kuigeuza bei chee kuwa bei ya lori la dukani.

Kupata kadi na namba ya T hakujamaliza habari ya barabarani. Bima ya mtu wa tatu, ile tunayoiita bima ndogo, ni lazima kisheria. Ukibeba mzigo wa watu kwa malipo unahitaji leseni ya LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu, na dereva awe na daraja la malori makubwa, si la gari dogo. Leseni ya barabara ya kila mwaka tulishaisahau tangu ilipofutwa 2017. Mkaguzi wa magari wa polisi ataangalia taa, breki, vioo na viakisi mwanga, na malori ya jeshi huwa na swichi za ajabu za kuzima taa zote ili adui asilione gari usiku. Ziunganishwe upya kiraia. Usukani ukiwa kushoto, yale maandishi makubwa ya tahadhari nyuma ya gari yapo kwa sababu. Na kwenye mizani, kumbuka ekseli yenye tairi mojamoja inaruhusiwa uzito mdogo kuliko yenye tairi mbilimbili, na malori mengi ya jeshi yamevaa mojamoja nyuma. Uwezo wa chuma na uwezo wa kisheria ni hesabu mbili.

Rangi ipake mapema. Agosti 2023 jeshi liliwapa raia siku saba kurudisha sare na mavazi yanayofanana na yake. Tangazo lilihusu nguo, ila ukipita na lori la mabaka mabaka utasimamishwa kila kizuizi kuanzia Mingoyo, na utaeleza mpaka koo ikauke. Ukishabadilisha rangi, kadi nayo ibadilishwe, maana rangi imeandikwa humo.

Kusini hatukuanza leo kutumia masalia ya vita. Mradi wa karanga wa Waingereza, uliofika hadi Nachingwea miaka ya 1940, ulinunua matrekta yaliyoachwa na jeshi la Marekani huko Ufilipino, na viwanda vya Vickers vya Uingereza vikageuza vifaru vya Sherman kuwa matrekta. Mengi yalikuwa yamechoka kabla hayajagusa udongo. Reli ya Nachingwea iliyojengwa kwa ajili ya karanga hizo iling'olewa miaka ya 1960.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi hasa. Kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, mjomba ana sauti kwenye mali, na lori la ukoo mara nyingi hununuliwa kwa michango ya wapwa na kuandikwa jina la mjomba. Sawa. Lakini TRA haiujui mchango, inalijua jina. Mjomba akifariki, kadi haihamishwi kwa kikao cha ukoo, inahamishwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na lori litasimama uani mpaka barua ya mahakama ipatikane. Kama mlichangia watatu, pelekeni majina matatu siku ile ile ya mnada, hati ya mauzo iandikwe hivyo.