Anayeonja na anayemeza

Juzi pale mwaloni Kirumba, Mwanza, ufukweni mwa Ziwa Victoria, mama mmoja muuza dagaa alinikuta nimeinama nikichota maji yaliyokoza ukijani, mazito kama rangi ya ukuta. "Mwanangu, uchafu huo unaupeleka wapi?" Nikamwambia naenda kuutazama kwa hadubini, nijue nani anaula na nani unamshinda. Akacheka, akarudi kwenye ndoo zake.

Tumezoea kuuita mwani. Kumbe ni bakteria: sianobakteria, na hapa ziwani mara nyingi ni aina ya Microcystis, wanaojikusanya kwenye ute hadi unaona vidonge kwa macho. Baadhi yao hutengeneza mikrosistini, kipete cha asidi amino 7. Sumu hii ikishaingia ndani ya seli hubana vimeng'enya vinavyoondoa fosfeti, yaani swichi ya kemikali, kwenye protini. Protini zikawa kama taa zilizowashwa, wa kuzizima hayupo. Kuchemsha maji hakuiui sumu hii, tena seli zikipasuka jikoni ndiyo inamwagika yote.

Sasa dafnia. Ni mdudu wa maji mdogo kuliko punje ya mchele, jamaa wa mbali wa kamba. Hupiga miguu, maji yanapita, kilichonaswa kinaenda mdomoni. Hachagui. Kopepodi, mdudu mwingine mdogo wa maji, ana adabu nyingine ya mezani: hukamata chembe, huionja, isipompendeza huiachia. Ziwa likichafuka kijani, hasara ya kwanza ni ya dafnia.

Swali lililotusumbua watu wa fani hii ni moja: anauawa na sumu, au na njaa? Mwaka 1999 watafiti waliwalisha dafnia Microcystis wa kawaida na wengine waliovurugwa jeni ili wasitengeneze mikrosistini. Waliokula wenye sumu walikufa. Waliokula wasio nayo hawakufa kwa sumu. Ila makundi yote mawili yalipunguza kula! Kwa hiyo kuna kitu kingine kinachomkatisha hamu, na mimi nadhani tumeitupia mikrosistini lawama nyingi mno. Vidonge vya ute vinaziba chujio. Peptidi nyingine (minyororo mifupi ya asidi amino) zinazuia tripsini, kimeng'enya cha kusaga protini, chakula kinapita bila kusagika. Halafu sianobakteria hawana steroli, mafuta ya jamii ya kolesteroli, na mdudu huyu bila steroli hapati homoni ya kujivua gamba. Asipojivua, hakui.

Na wala sumu haikubuniwa kwa ajili ya dafnia. Ukoo wa jeni zinazoitengeneza unaonyesha mikrosistini ilikuwepo kabla ya mnyama yeyote duniani.

Dafnia naye hubadilika. Kwenye ziwa Bodensee, Ulaya, mayai yaliyolala matopeni kwa miongo yalianguliwa maabara: waliotoka kwenye tabaka la kabla ya sianobakteria kushamiri walidhoofika zaidi kwa chakula chenye sumu kuliko waliotagwa baadaye.

Chupa ya Kirumba niliifungua jioni. Kopepodi walijaa, wanarukaruka. Dafnia nilimpata mmoja, na utumbo wake ulikuwa mweupe, hauna kitu.